Kwenda Ziwa Ellis: safari ya siku moja inayotaka siku tatu

Asubuhi isiyo na mawingu Mlima Kenya huonekana kutoka Ishiara kana kwamba uko ng'ambo ya mto tu. Ndiyo maana likizo ya Agosti ifikapo, vijana waliokuja nyumbani kutoka Nairobi hukodi gari alfajiri, wakapitia Chuka hadi Chogoria, wakapenya msitu na kutembea hadi Ziwa Ellis, wakitumaini kulala Ishiara usiku uo huo. Umbali si neno. Kutoka lango la Chogoria hadi ziwani ni kilomita kama 10, mwendo usiomtisha mtu wa Mbeere aliyezoea kwenda sokoni kwa miguu. Tatizo ni kimo.

Ishiara iko chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Lango la Chogoria liko karibu mita 3,000, na Ziwa Ellis linakaribia mita 3,500. Huko juu hewa ina oksijeni kwa kadiri ileile, yaani sehemu 21 katika kila 100, lakini mgandamizo wa hewa umeshuka hadi thuluthi mbili hivi ya ule wa Mombasa. Basi kila pumzi inaingiza oksijeni kidogo kuliko uliyozoea. Mwili hujirekebisha: utapumua upesi, moyo utapiga haraka, na figo zitabadilisha kemikali za damu, ndiyo sababu utakojoa mara nyingi. Lakini kazi hiyo huchukua siku kadhaa.

Mtu asipoupa mwili nafasi hushikwa na maradhi ya mwinuko. Dalili huanza baada ya muda wa saa 6 hadi 12 hivi: kichwa kuuma, kichefuchefu au kutapika, kizunguzungu, uchovu, kukosa hamu ya chakula na usingizi wa kukatikakatika. Hebu itazame orodha hiyo kwa macho ya mtu wa Ishiara. Atakuambia ni malaria! Hapo ndipo hatari ilipo. Mgonjwa humeza dawa ya malaria aliyobeba mfukoni, akajifunika blanketi na kulala palepale juu akingoja dawa ifanye kazi. Dawa hiyo haiongezi oksijeni.

Kweli, anayepanda na kushuka kwa saa chache mara nyingi huponea kuumwa kichwa tu. Hofu yangu ni kwa wale ambao gari limewakwamia matopeni, giza likaingia, wakalala juu na nguo mbichi. Wakizidi kukaa huko, au wakiendelea kupanda, wachache wao mapafu huanza kujaa maji: mtu hutweta hata akiwa ameketi, hukohoa, midomo ikageuka rangi ya samawati, na mwisho hutema povu la rangi ya waridi. Wengine ubongo huvimba: mtu hupepesuka kama mlevi, akasema maneno yasiyoeleweka, kisha akasinzia. Mwambie atembee kwa mstari ulionyooka, kisigino kikigusa kidole cha mguu wa nyuma. Akishindwa, usingoje asubuhi. Mshushe saa ile ile, hata kama ni usiku wa manane, na asiachwe peke yake hata dakika moja.

Kwa hiyo mimi huwashauri watu watenge siku tatu. Ijumaa lala mjini Chogoria, palipo na kimo cha kadiri. Jumamosi panda kwa gari hadi langoni. Ni zaidi ya kilomita 20 za msitu wenye nyati na ndovu, si mahali pa kutembea kiholela. Alasiri tembea saa moja au mbili polepole, urudi ulale langoni. Ukiamka na kichwa kinachouma, safari yako imeishia hapo. Ukiwa mzima, ondoka saa kumi na mbili asubuhi. Kwenda ni kama muda wa saa nne kwa mwendo wa kuweza kuzungumza bila kuhema. Ikifika saa sita mchana geuka, hata kama ziwa limebaki mlima mmoja, kwa maana mchana mawingu hushuka na njia hupotea. Ziwa Michaelson, lililo karibu mita 4,000 chini ya majabali, waachie waliokwisha kulala juu siku kadhaa.

Kuna dawa iitwayo asetazolamaidi inayosaidia mwili kuzoea kimo. Huanzwa siku moja kabla ya kupanda. Muulize daktari wako kwanza, hasa kama dawa za salfa hukudhuru. Mwenye ugonjwa wa selimundu, wa moyo, au shinikizo la damu lisilodhibitiwa asiende kabla ya kupimwa. Mjamzito vilevile. Mwenye pumu abebe dawa yake ya kuvuta mfukoni, si ndani ya mzigo. Watoto wadogo waacheni na nyanya yao. Hawajui kueleza wanavyojisikia.

Halijoto hupungua nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda. Ukiacha joto la 30 Ishiara, ziwani tarajia 15 au chini yake, na upepo na mvua juu yake. Suruali ya jinzi ikilowa haikauki. Sokoni mitumbani utapata sweta za sufu kwa bei nafuu. Nunua mbili, na koti la mvua, kofia ya sufu na glavu. Tochi ni lazima. Jua la huko huchoma hata penye ukungu, basi jipake mafuta ya kuzuia miale. Bebeni lita tatu za maji kila mtu, viazi vitamu vilivyochemshwa, mayai, njugu na ndizi. Maji ya vijito yachemshwe.

Na muguka? Najua nazungumza na watu wa nyumbani kwake. Uacheni chini. Huongeza mapigo ya moyo yaliyokwisha kwenda mbio, huua njaa, hufukuza usingizi, na humfanya mtu asihisi kuwa amechoka. Pombe nayo ingojee mrudi.

Jiandikisheni kwa maafisa wa KWS mnapoingia na mnapotoka, wala mtu asitembee peke yake. Hospitali iliyo karibu na njia hii ni ile ya PCEA Chogoria, iliyoanzishwa mwaka wa 1922.

Maradhi ya mwinuko hupungua mtu akishuka, na wengi huwa wamepona kesho yake. Kichwa na homa vikiendelea Jumanne, au vikija wiki moja baadaye, nenda damu ipimwe, kwani mbu aliyekuuma Ishiara kabla ya safari huenda ndiye anayeanza kudai haki yake. Mweleze daktari mambo yote mawili: kwamba ulikuwa mlimani, na kwamba ulilala Ishiara.