Kuandaa Andiko la Kuomba Fedha za Utafiti: Mwongozo kwa Vikundi vya Walaji

Mitandao ya kimataifa ya utafiti hupokea maombi mengi kuliko fedha ilizonazo, na mara nyingi hutaka wananchi wanaoguswa na tatizo washirikishwe. Vikundi vya walaji vya Mbeya na Iringa vina nafasi hapo. Andiko zuri, hata hivyo, huanza na swali, bajeti hufuata.

Tuchukue mfano wa Iringa. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 56.9 ya watoto walio chini ya miaka mitano mkoani humo wamedumaa, ilhali wastani wa taifa ulikuwa asilimia 30. Huu ni mkoa unaovuna mahindi kwa wingi. Kikundi kinachoandika "tunaomba fedha za kupambana na udumavu" kimetaja shida tu. Kinachoandika "mlezi wa mtoto wa miezi 6 hadi 23 katika kata yetu hununua nini siku ya gulio, na bei ya maharage ikipanda huacha kununua nini?" kimeuliza jambo linaloweza kupimwa, na msomaji aliye mbali ataelewa mara moja kitakachofanyika.

Swali hilo ndilo litakaloamua ratiba. Takwimu zikikusanywa Julai pekee, baada ya mavuno, zitaonyesha shibe. Miezi ya Januari hadi Machi, ghala likiwa linaisha, huenda ikasema mengine. Lakini miezi hiyo ni ya mvua na barabara nyingi za vijijini huwa mbovu, hivyo siku za safari ziongezwe na sababu ielezwe.

Kikundi hakina budi kuwa na mshirika wa kitaalamu. Kituo cha TARI Uyole, Mbeya, kina historia ndefu katika utafiti wa maharage. Mbegu za Uyole 94 na Njano Uyole zimetoka huko, na Tanzania imo katika PABRA, mtandao wa Afrika wa utafiti wa maharage ulioanza mwaka 1996. Iringa kuna Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa na Chuo Kikuu cha Iringa. Barua ya mshirika itaje mhusika, kazi yake na mgao wake wa fedha. Tunasisitiza mgao kwa sababu si haki wanakikundi kuzunguka na madodoso bila nauli wala posho huku fedha zote zikibaki ofisini. Yaandikwe kabla ya kutia saini, pamoja na haki ya kikundi kupewa matokeo kwa Kiswahili.

Kibali cha utafiti huombwa COSTECH, na utafiti unaohusu afya za watu huhitaji pia idhini ya maadili kutoka NIMR. Muda wa kusubiri uwekwe ndani ya ratiba. Majina na namba za simu za wanaohojiwa zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Andiko lieleze nani atazitunza.

Bajeti ikokotolewe kwa shilingi, kwa bei halisi za nauli, uchapaji na chakula, kisha igeuzwe kuwa fedha ya mfadhili kwa kutaja tarehe ya kiwango cha kubadilishia.

Jihadharini, mwisho, na madalali. Anayedai "ada ya kufungulia fedha" au kuahidi ushindi kwa malipo ya awali asipewe hata senti, wala namba ya siri ya benki. Tangazo lithibitishwe katika tovuti rasmi ya mtandao husika, kwa anwani mliyoitafuta wenyewe. Endapo mmekwisha kulipa, hifadhini ujumbe na namba ya muamala, toeni taarifa kituo cha polisi, na namba ya simu iliyotumika kutapeli itumeni kwenda 15040.