Kompyuta Inaposema Maktaba Haipo

Somo la leo ni la wale wanaotunza hesabu za chama kwa kompyuta yenye Linux. Mwaka 2023 sisi wenyewe tuliponea chupuchupu. Tulikuwa tumetoka Ubuntu 20.04 kwenda 22.04, na siku ya kugawa mikopo programu ya akiba ikakataa kufunguka. Akina mama wameshaketi nje! Kwenye skrini tuliona haya:

error while loading shared libraries: libssl.so.1.1: cannot open shared object file

Jirani aliyekuja kutusaidia alishauri tufute diski nzima tuanze upya. Hesabu za miaka mitatu zingekwenda hivyo hivyo. Kumbe zilikuwa salama katika faili yake. Lililokosekana ni faili moja tu, na kompyuta ilikuwa imeshalitaja jina lake.

Maktaba ya pamoja ni kama sufuria kubwa za chama: kila nyumba haihitaji kununua zake, huazima siku ya sherehe. Programu nazo huazima kazi zilizo ndani ya maktaba. Hiyo libssl hulinda siri ya mawasiliano. Namba ya mwisho ni mapatano. Programu yetu ilitengenezwa kwa 1.1, lakini Ubuntu 22.04, iliyotoka Aprili 2022, ilikuja na libssl.so.3.

Basi soma jina kwanza. Kisha uliza programu inakosa nini kingine:

ldd /opt/akiba/akiba | grep "not found"

(Amri hii usiitumie kwa programu usiyoiamini, maana yaweza kuiamsha.) Halafu tazama mashine ina maktaba zipi:

ldconfig -p | grep libssl

Kama umeme ulikatika katikati ya kusasisha, huenda kazi ilibaki nusu. Andika sudo dpkg --configure -a, halafu sudo apt --fix-broken install. Mara nyingi yatosha. Ikiwa faili ipo, tuseme uliiweka mwenyewe ndani ya /usr/local/lib, lakini mashine haiioni, sudo ldconfig itaandika orodha upya.

Kwetu sisi haikuwa hayo. Maktaba ya zamani ilikuwa imeondoka kabisa. Hapo watu wengi hudanganya mashine: huchukua libssl.so.3 na kuibandika jina la libssl.so.1.1. Tulijaribu pia, hatufichi. Ikajibu kwamba OPENSSL_1_1_0 haipatikani, maana jina tulibadilisha lakini yaliyomo ni yale yale. Na kuna maktaba nyingine zisizo na ulinzi huo. Programu itafunguka vizuri, halafu izimike katikati ya kazi au iharibu hesabu. Wala usichukue faili la 1.1 kutoka popote ulikolikuta. Matengenezo ya bure ya OpenSSL 1.1.1 yalikoma Septemba 2023, kwa hiyo tundu likigunduliwa huna wa kukuzibia.

Dawa ni programu yenyewe ijengwe upya. Tulimpigia simu kijana aliyetutengenezea. Akaunganisha maandishi yake yale yale na maktaba mpya kwenye mashine ya 22.04, akatuletea. Tulinakili faili ya hesabu kwanza, ndipo tukaiweka programu. Saa nane mchana akina mama wakaanza kuitwa majina.