SOMO: KUTAFUTA MTU KATIKA ORODHA YA KOMPYUTA



Mapema mwaka 2008, baada ya ghasia za uchaguzi nchini Kenya, watu walikimbilia Uganda kupitia Busia na Malaba. Wengi walipokelewa Mulanda, wilayani Tororo, kisha wakahamishiwa Kiryandongo. Katika safari kama hiyo, watu wa nyumba moja huweza kuandikishwa mahali tofauti.

Tuseme wewe ni karani. Mama mmoja anamtafuta binti yake Nafula, mwenye miaka 7. Hajui kama mtoto alivuka Busia au Malaba. Kwa mazoea tunasema, "Tafuta waliopita Busia na Malaba." Ukiandika hivyo, kompyuta haitaleta hata mtu mmoja:

SELECT jina FROM orodha
WHERE kituo = 'Busia' AND kituo = 'Malaba';

AND maana yake ni "na". Kila mtu ameandikiwa kituo kimoja tu. Hakuna mwenye vyote viwili. Usimwambie mama kwamba mtoto hayumo!

Neno linalofaa ni OR, yaani "au". Lakini jihadhari:

WHERE kituo = 'Busia' OR kituo = 'Malaba' AND umri < 10

Kompyuta hushughulikia AND kwanza. Utaletewa watoto wa Malaba pamoja na watu wote wa Busia, wakubwa kwa wadogo.

Njia rahisi ni IN, yaani "mojawapo ya hizi":

SELECT jina, umri, kituo FROM orodha
WHERE kituo IN ('Busia', 'Malaba') AND umri < 10;

Majina nayo huandikwa kama karani alivyosikia. Kwa hiyo tafuta hivi:

WHERE jina IN ('Nafula', 'Nafulla', 'Nafura')

ZINGATIA:
1. Kila neno liwe ndani ya alama zake, na mkato kati ya neno na neno.
2. Usipopata, ondoa sharti moja na ujaribu tena. Anza na umri, kwani huenda ulikadiriwa.
3. IN haiwaleti ambao kituo chao hakikuandikwa. Hao watafute kwa: kituo IS NULL.
4. Majibu ni siri ya anayetafuta. Usiyasome kwa sauti mbele ya foleni.

Nawe unayemtafuta ndugu yako, mtajie karani majina yake yote: la nyumbani, la ubatizo au la Kiislamu, na la baba. Taja pia kila mahali ambapo huenda alipita. Kompyuta hutafuta kile tu ilichoulizwa.