Kusomea sheria Goma bila kufilisi nyumba

Katika kartie ya Murara, mjini Goma, mtoto akishapata diploma ya Serikali na kusema anataka kusomea sheria, swali la kwanza la wazazi huwa la pesa: itatoka wapi, na kwa miaka mingapi? Wako wanaouza parseli ili mtoto aende Kampala au Kinshasa. Wako wanaomwambia achague kozi fupi, mambo yaishe. Katikati ya njia hizo kuna Chuo Kikuu cha Goma, UNIGOM, chuo cha Serikali kilichoanza kama tawi la Chuo Kikuu cha Kisangani kabla ya kujitegemea, na ambacho kina kitivo cha sheria. Ada yake kwa kawaida iko chini ya ile ya vyuo vingi binafsi. Tena kuna faida ambayo haimo kwenye orodha ya ada: ugomvi wa viwanja, ndoa zisizoandikwa, madeni ya sokoni na watu utakaowatetea kesho viko hatua chache kutoka mlangoni kwenu. Mbinu zifuatazo zitakusaidia kulinda pesa na kuutumia ukaribu huo.

Piga hesabu ya miaka 5

Tangu mwaka wa masomo 2021-2022, vyuo vya Kongo vimeingia katika mfumo wa LMD: lisansi ya miaka 3 yenye krediti 180, kisha masta ya miaka 2 yenye krediti 120. Zamani ilikuwa gradua ya miaka 3 na lisansi ya miaka 2. Safari nzima imebaki miaka 5, na bajeti ya nyumbani ipangwe hivyo.

Chukua daftari, andika mstari mmoja mmoja: minervali (ada ya masomo), pesa za kujiandikisha kwa mitihani, silabusi, fotokopi, mega za simu, usafiri, stage, kuchapa na kutetea kazi ya mwisho. Usafiri ndio unaokula pesa bila kuonekana. Zidisha nauli ya pikipiki ya kwenda na kurudi kwa siku za masomo za mwezi mmoja, uone jumla. Wengi hupunguza nusu kwa kwenda asubuhi kwa miguu pamoja na wenzao wa kartie, na kupanda pikipiki jioni tu, giza linapokaribia.

Kuishi nyumbani ndiyo akiba yako kubwa: hulipi kodi, na chakula kinapikwa chungu kimoja. Usiipoteze akiba hiyo kwa kupanga chumba karibu na kampasi kwa sababu marafiki wamepanga.

Minervali hulipwa kwa awamu. Kama mama yumo katika likelemba, aombe zamu yake ianguke wiki chache kabla ya awamu, hasa ile inayotangulia mitihani, maana asiyemaliza kulipa anaweza kuzuiwa mlangoni. Lipa kwa njia iliyotangazwa na chuo peke yake. Usimpe mtu pesa mkononi, hata kama ni jirani anayefanya kazi pale. Kila bordero au ujumbe wa malipo wa simu, upige picha siku hiyohiyo.

Linda makaratasi kabla ya kujiandikisha

Kwenye ofisi ya uandikishaji, ambayo wanafunzi huiita apparitorat, utadaiwa diploma, matokeo ya shule ya sekondari, vyeti vya kuzaliwa, vya mwenendo mwema na vya afya, pamoja na picha. Peleka nakala, asili ibaki nyumbani hadi idaiwe rasmi, na ukiiacha, dai risiti yenye muhuri.

Watu wa Goma hawahitaji kuelezwa kwa nini. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji, na 22 Mei 2021 volkano hiyo ililipuka tena. Siku chache baadaye sehemu kubwa ya mji ilikuwa barabarani kuelekea Sake na Gisenyi. Anayekimbia hubeba watoto kwanza. Kwa hiyo weka makaratasi yote katika mfuko mmoja wa plastiki, mahali ambapo kila mtu wa nyumba anapajua. Yaskani, ujitumie kwenye barua pepe yako, na nakala moja iliyothibitishwa iwe kwa ndugu anayeishi mji mwingine.

Zisome sheria zenyewe

Wanafunzi wengi wa mwaka wa kwanza husoma silabusi tu, wakaingia kwenye mtihani bila kuwahi kufungua sheria yenyewe. Wewe anza na maandishi haya: Katiba ya 18 Februari 2006, Sheria ya Ardhi ya 20 Julai 1973, Sheria ya Familia ya 1987 iliyorekebishwa 2016, dekreti ya 30 Julai 1888 juu ya mikataba, Kanuni ya Adhabu ya 30 Januari 1940, na Sheria ya Kazi ya 2002. Kwa mambo ya biashara ongeza sheria za OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria za pamoja za biashara, ambayo Kongo iliingia mwaka 2012. Mengi yanapatikana bure kwenye tovuti ya Leganet. Mtu mmoja wa kikundi ayapakue, wengine wapokee kwa Bluetooth bila kutumia mega.

Kozi nyingi hufundishwa kwa mfululizo wa siku chache na profesa aliyetoka mji mwingine. Akifika, hakuna muda wa kujifunza misamiati. Jua mapema ni kozi gani inakuja kupitia kwa CP, chefu wa darasa, na usome vifungu vyake wiki moja kabla.

Masomo ni kwa Kifaransa, ilhali mteja wako ataongea Kiswahili. Fanya zoezi hili kila jioni: soma kifungu kimoja, kisha umweleze mtu wa nyumbani ambaye hakusoma sheria. Anza na kifungu cha 18 cha Katiba: anayekamatwa lazima aelezwe mara moja sababu za kukamatwa kwake, kwa lugha anayoielewa, na kizuizi cha polisi kisipite saa 48. Shangazi akikuuliza swali ambalo huwezi kujibu, bado hujakielewa kifungu.

Fanya kartie iwe darasa la pili

Hapa ndipo mwanafunzi wa Goma anapompita aliyetumwa mbali. Chukua ardhi. Lava ya 2002 ilifunika mipaka ya parseli nyingi, Murara nayo ikiwemo, na watu wakajenga juu ya jiwe jeusi. Katika nyumba nyingi, ushahidi uliopo ni karatasi ya mauzo iliyosainiwa mbele ya chefu wa avenyu, au fishi ya parseli. Sasa fungua kifungu cha 219 cha Sheria ya Ardhi: haki juu ya kiwanja inathibitishwa na hati ya usajili, yaani certificat d'enregistrement, peke yake. Soma na cha 227, kinachosema hati hiyo haipingiki tena baada ya miaka 2. Omba ruhusa kwa familia yako uone karatasi zenu, uandike ni hatua gani imekosekana. Zoezi hilo moja litakufundisha zaidi ya kukariri kurasa nyingi, na huenda likaokoa nyumba yenu.

Fanya vivyo hivyo kwa familia. Sheria ya 2016 inataka mtoto aandikishwe ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa, bila malipo. Uliza majirani wangapi wamefanya hivyo, na nini kiliwazuia. Lakini jua mpaka wako: mwanafunzi anaeleza sheria na kumwelekeza mtu mahali pa kwenda, haandiki mashtaka wala hapokei pesa. Siri ya jirani isitoke hata kwenye kikundi cha WhatsApp cha darasa.

Mahakama zinapofanya kazi, nenda pia ukasikilize kesi: kifungu cha 20 cha Katiba kinasema vikao vya mahakama ni vya wazi, isipokuwa pale hakimu anapoamua vinginevyo kwa sababu za utulivu wa umma au maadili. Ingia kwa heshima, simu ikiwa imezimwa. Andika namba ya kesi, RC kwa madai na RP kwa jinai, kila upande unadai nini, na kifungu gani kimetajwa. Nyumbani, jaribu kuandika hukumu yako kabla ya kusikia ya hakimu. Pia ulizia nafasi ya kujitolea kwenye mashirika ya msaada wa kisheria. Dynamique des Femmes Juristes, kwa mfano, imefanya kazi hiyo kwa miaka mingi hapa Goma.

Jua mapema utatokea wapi

Kuwa wakili kunaongozwa na amri-sheria namba 79-028 ya 28 Septemba 1979: shahada, kiapo, kisha stage ya miaka 2 chini ya wakili mzoefu. Stage hiyo mara nyingi haina mshahara, na baro, chama cha mawakili, ina ada zake. Ziulize tangu mwaka wa tatu. Kuna mtego hapo: sheria ya 1979 inamtaja mwenye lisansi, na lisansi ya wakati ule ilipatikana baada ya miaka 5, gradua ikiwemo. Usidhani lisansi ya miaka 3 ya LMD itafungua mlango uleule. Pata jibu la baro kwa maandishi kabla ya kuamua kuacha masta.

Hakimu hupitia shindano la Baraza Kuu la Mahakimu. Wengine hufanya kazi ya mdefenseri (mtetezi wa mahakamani), mshauri wa kooperativa, afisa wa ardhi au wa mashirika. Chagua mada ya kazi ya mwisho kulingana na mlango unaoutaka.

Mji ukiwa katika vita

Goma ilipoingia mikononi mwa waasi wa AFC/M23 mwishoni mwa Januari 2025, benki zilifungwa, kazi za mahakama zikakatika, na mahakimu na mawakili wengi wakahama. Kwa mwanafunzi, hilo linaongeza kazi ya kuuliza. Kabla ya kutoa faranga ya kwanza, nenda na maswali haya: Mwaka huu wa masomo unatambuliwa na wizara? Nani anasaini matokeo, na muhuri wake unakubalika Kisangani, Bukavu na Kinshasa? Nikilazimika kuhama, krediti zangu zitahamishwaje? Kila mwisho wa semesta, chukua matokeo yako yaliyosainiwa, usisubiri mwisho wa mwaka.

Majibu ya ofisini yalinganishe na ya mtu aliyemaliza karibuni. Mtafute mhitimu mmoja wa kitivo hicho, umuulize alilipa nini hasa, diploma yake ilitoka baada ya muda gani, na sasa anafanya kazi gani. Kama majibu hayo mawili yanapishana, ngoja hadi ujue kwa nini, ndipo ulipe.