Mwanangu amerudishwa nyumbani na hasemi na mtu

Shangazi, mwanangu ana miaka 16, yuko kidato cha tatu katika shule ya bweni. Muhula huu analala darasani, hali vizuri, na alama zimeporomoka. Shule imemsimamisha wiki mbili kwa ukaidi. Hapa Lukenya anajifungia chumbani siku nzima. Juzi alimpa mdogo wake viatu vyake vya kandanda, akasema hatavihitaji tena. Baba yake anasema ni uvivu, dawa yake ni kiboko. Nifanye nini?

Mama Wawili, Lukenya

Mama Wawili, nilikujibu kwa simu siku ileile. Haya nayachapisha kwa ajili ya wazazi wengine.

Alama zitangoja. Kilichonishtua ni viatu. Kijana anayegawa vitu avipendavyo na kusema hatavihitaji huenda anawaza kujiua. Keti naye mkiwa wawili, umuulize waziwazi kama anawaza hivyo. Swali hilo halimtii wazo kichwani. Wengi hupata nafuu kwa kuulizwa. Akikubali, au ukimya wake ukikutia hofu, asiachwe peke yake hata kidogo. Fungia dawa za shamba na za binadamu, mpeleke hospitali kuu ya Machakos mkaombe huduma ya afya ya akili. Usiku ukiwaingilia, piga 1199 ya Msalaba Mwekundu au 116 ya watoto, hazitozwi.

Wapo wanaolificha jambo hili kwa kuogopa polisi. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba.

Mumeo usibishane naye. Mwambie yeye ndiye atakayempeleka mtoto hospitali, na akae amsikie daktari kwa masikio yake.

Sasa shule. Huku Machakos walimu wakuu hawajaisahau shule ya Kyanguli, ambako moto wa bweni uliua wavulana 67 mwezi Machi 2001. Hofu yao naielewa, ila imewafanya wengine wamwone kila mwanafunzi mnyamavu kuwa mwasi anayepanga kuchoma bweni. Kwa hiyo daktari akisema kijana anaweza kurudi, usiende kuomba radhi. Nenda na barua ya hospitali, uulize ni mwalimu gani atakayemwangalia usiku bwenini. Wakikosa jina la kukutajia, mtafutie shule ya kutwa, hata kama karo ya muhula umeshalipa.