Samaki Mkunje Angali Mbichi

Kila wizi ukitokea huku kwetu, Ukunda, Diani hata Msambweni, wazee barazani husema, "Vijana wa siku hizi wameharibika." Swali langu ni hili: waliharibika lini?

Wengi hujibu kwa methali: samaki mkunje angali mbichi. Kisha mtu ashika kiboko! Lakini kukunja si kupiga. Ukimpiga samaki mbichi utamponda tu. Tena kiboko kilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001. Basi kukunja ni nini?

Tutazame mfano wa mbali kwanza. Kuanzia mwaka 1962, katika mji wa Ypsilanti huko Marekani, watafiti walichagua watoto 123 wa familia maskini. Watoto 58 walisomeshwa chekechea wakiwa na miaka mitatu na minne, 65 hawakusomeshwa. Chekecheani walicheza na kufunzwa kufikiri, na kila wiki mwalimu alikwenda nyumbani kuzungumza na mzazi. Watoto hao walipofikia umri wa miaka 40, kati ya wale wasiosomeshwa, 55 katika kila 100 walikuwa wameshakamatwa na polisi mara tano au zaidi. Waliosomeshwa walikuwa 36. Kundi lilikuwa dogo, na si wote waliookoka, lakini tofauti hiyo si haba. Na la ajabu ni kwamba katika vipimo vya akili wenzao waliwafikia baada ya miaka michache. Wataalamu wengi wanasema kilichobaki ni tabia: kungoja zamu, kumaliza kazi, kupenda shule.

Mtasema, hao ni matajiri. La! Hapa Pwani, miaka ya 1980, Bi Swafiya Said wa Mombasa, kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, aliongoza mpango wa chekechea za madrasa. Akina mama wa mitaani walifunzwa ualimu, na vifaa vikawa vifuu, makombe na mbegu. Mpango huo ulifika mpaka Zanzibar na Uganda.

Tukipuuza, je? Tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, bunduki zikachukuliwa, watu wengi wakauawa na wengine wakahama. Waliopanga fujo walijua pa kutafuta wafuasi: kwa vijana wasio na kazi wala tamaa ya kesho. Mtaani kwetu pia nawajua wavulana walioacha shule darasa la tano, sasa kutwa wako maskani. Hakuna aliyelala mwema akaamka mhalifu. Ni safari, tena ndefu.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wenyewe ni wa jela. Katiba ya 2010 iliweka chekechea mikononi mwa serikali za kaunti. Kwa hivyo wazazi, mkija kuombwa kura, ulizeni: mwalimu wa nasari amelipwa? Uji upo? Watoto wangapi kwa mwalimu mmoja? Na sisi wanafunzi, Jumamosi tuwakusanye wadogo zetu, tuwatolee hadithi na vitendawili. Haigharimu hata shilingi.

Kukunja ndiko huko.