Mzee Anauliza Kocha wa Kuogelea Atakula Nini

Mdogo wangu wa Sumbawanga, barua yako nimeipata. Uliogelea mashindano ukiwa shuleni Dar, mzee akahamishwa kikazi, sasa uko juu huko Ufipa na sweta lako, bwawa huna, na unachotaka ni kuwa kocha wa kuogelea chuoni. Mzee anasema hiyo si kazi.

Swali lake ni la haki, usimnunie. Ajira ya kufundisha kuogelea tu, basi, ni adimu hapa kwetu. Pitia elimu ya michezo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina shahada yake, na kule Malya, Kwimba, kuna chuo cha serikali cha michezo. Mtu mwenye cheti hasemezwi kama mtoto. Binafsi ningekusukuma Dar, maana mashindano ya kuogelea mara nyingi hufanyika kwenye mabwawa ya shule za kimataifa za huko. Nenda ukajitolee kushika saa.

Halafu umeniandikia eti huna medali ya maana, nani atakusikiliza? Loh! Msikie Anthony Nesty. Huyu alitoka Suriname, nchi iliyokuwa na bwawa moja tu la mita 50. Mwaka 1988 kule Seoul akashinda mita 100 mtindo wa kipepeo, akampiku Matt Biondi wa Marekani kwa sehemu moja ya mia ya sekunde. Hakuna mwanamume mweusi aliyewahi kabla yake kushinda dhahabu ya mchezaji mmoja mmoja katika kuogelea Olimpiki. Na bado, aliporudi Chuo Kikuu cha Florida alikosoma, alikaa kocha msaidizi kwa karibu miaka 20. Ukocha mkuu wa wanaume aliupata 2018. Mwaka 2024 akaongoza wanaume wa Marekani kwenye Olimpiki ya Paris.

Kazi yenyewe, sehemu kubwa ni nguo kavu. Alfajiri uko ukingoni mwa bwawa, mchana unaandika programu, unasaka vijana wapya, unafuatilia nani anayumba darasani, kwa sababu katika vyuo vya Marekani, kama hicho cha Nesty, anayefeli haogelei. Huko, msimu wa mashindano, mazoezi hayaruhusiwi kuzidi saa 20 kwa wiki. Kocha asiyejua kuchagua, muda unamwishia.

Usiudharau huo mji wako. Uko mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, sawa na Colorado Springs, ambako waogeleaji wa Marekani huenda kupiga kambi ili kuzoeza mwili hewa nyembamba. Kimbia asubuhi na hiyo baridi. Kata tyubu ya baiskeli, ifunge kwenye nguzo ya baraza, inama, vuta huku kiwiko kikibaki juu. Kikishuka, anza upya. Kisha mfundishe mdogo wako zoezi hilo hilo na umtazame kiwiko. Hapo ndipo utajua kama una jicho la ukocha.

Ila Ziwa Rukwa lisikutie tamaa, lina mamba. Hata ukishuka Kasanga kwa shangazi, Ziwa Tanganyika usiliingie kabla ya kuwauliza wavuvi.

Na ukipata nafasi ya kujitolea klabuni, uliza siku ya kwanza nauli ni ya nani. Wakijiumauma, tafuta klabu nyingine.